Kampuni ya mbono iliondoka, ardhi haikurudi: niliyoyaona Kilwa

Kila nikisikia watu wanaongelea mafuta ya mimea, sijui biodizeli, sijui nishati safi inayotoka shambani, huwa nakaa kimya kwanza nisikilize wanafika wapi, maana wengi wanaongelea magari na moshi na bei ya pipa, hamna anayeongelea nguruwe pori. Na mimi kwenye hili jambo nguruwe pori ndo wananijia kichwani kabla ya kitu kingine. Nitafika huko.

Mi ni mzaliwa wa Kilwa mkoa wa Lindi, ila sio Kilwa ya baharini, sisi tuko ndani huku, unashuka Nangurukuru halafu unatafuta usafiri, zamani ulikuwa unapanda lori la magogo au unatembea, saivi bodaboda zipo. Kijiji sikitaji na kampuni iliyokuja kwetu kulima mbono siitaji, sio kwamba naogopa, ila waliosaini kuwapa ardhi wengine bado ni majirani zangu na tunazikana.

Mbono wenyewe, ndo huu mti wa jatrofa ambao mbegu zake zinakamuliwa mafuta, haukuja na kampuni, hilo watu wa mbali hawalijui. Bibi yangu alikuwa na mibono kwenye mpaka wa shamba na kuzunguka kaburi la babu mkubwa, ndo maana sehemu nyingi wanauita mbono kaburi. Wataalamu wanasema asili yake Amerika ya Kati huko na Wareno ndo waliousambaza. Kwetu kazi yake ilikuwa fensi, mbuzi hagusi jani lake, unakata tawi unachomeka linaota, ukijikata jembe unapaka utomvu damu inakata, na watoto tulikuwa tunaonywa tusile zile mbegu kwasababu utatapika na kuhara mpaka uone giza. Hamna mtu aliyewahi kuuita zao.

Sasa kwenye 2006, 2007 hivi ndo magari yakaanza kuja. Mafuta duniani yalikuwa yanapanda bei kila kukicha, mwezi wa saba 2008 pipa lilifika mpaka dola 147, na Ulaya walikuwa wanapanga magari na mitambo yao ya umeme itumie mafuta ya mimea, basi kila mwenye hela akawa anatafuta ardhi Afrika. Kwetu walikuja na lendikruza mbili, jenereta na projekta, wakatandika shuka jeupe kwenye ukuta wa darasa wakatuonyesha picha za mibono imejipanga mistari kama wanafunzi wa gwaride. Wakasema mbono unaota popote, hautaki maji mengi, hautaki mbolea, mdudu haugusi, kwahiyo hautagombana na chakula chenu, sisi tutachukua lile pori tupu tu.

Kuota unaota kweli, hilo hawakudanganya. Kuzaa ndo mtihani. Ardhi ikiwa mbovu na mvua ya shida mti utakuwa hai, kijani kabisa, ila mbegu utaokota kiganjani. Halafu matunda yake hayaivi pamoja, kwenye kichala kimoja kuna la kijani, la njano na lililokauka, kwahiyo mchumaji anarudi mti uleule mara kwa mara, na ni mkono, hamna namna nyingine ya maana. Unasubiri kama miaka mitatu au zaidi mpaka uanze kuzaa vizuri. Kwenye mbegu mafuta ni kama theluthi tu, ukikamua kwa mashine ya mkono unahitaji kama kilo nne tano kupata lita moja, na mashudu yake ni sumu, humpi ng'ombe wala kuku kama unavyofanya mashudu ya alizeti au pamba, labda uyafanye mbolea. Na mbegu zenyewe zilikuwa za porini tu, hazijawahi kufanyiwa utafiti wa maana kama mahindi au korosho. Haya yote yanajulikana saivi. Wakati ule wa shuka jeupe yalijulikana kidogo sana, au yalijulikana na hayakusemwa, mi sijali lipi ni lipi.

Babu yangu mzaa mama alikuwepo kwenye ule mkutano na aliunga mkono. Nalisema hili kwasababu kila simulizi ya ardhi ina mzee mwenye hekima aliyekataa wenzake wakamcheka, kwetu haikuwa hivo. Babu alikubali, na sababu yake ilikuwa Nachingwea. Yeye akiwa kijana alienda kibarua kwenye mpango wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947, walioleta matrekta na mabuldoza, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, halafu 1951 wakanyoosha mikono kwamba wameshindwa, na reli yenyewe haikufika mbali baada ya uhuru ikang'olewa. Babu alikuwa anasema, "Mzungu huwa anachoka. Atakuja, atamwaga hela, atachoka, ataondoka." Yeye kule Nachingwea alipata baiskeli na blanketi na hela ya mahari, akarudi kwao akakuta shamba la baba yake liko palepale, ana tatizo gani? Kwahiyo hesabu yake ilikuwa waje tu, tule mshahara wao, wakichoka pori letu tutalikuta.

Kwenye kuchoka alipatia kabisa, hata mimi nilishangaa alivyopatia. Kilichobadilika kati ya ujana wake na siku ile ni sheria, na sheria hamna aliyetusomea.

Niweke hili vizuri maana ndo roho ya maneno yangu yote. Tanzania ardhi imegawanywa, kuna ardhi ya kijiji, kuna ardhi ya hifadhi na kuna ardhi ya jumla. Mtu wa nje hawezi kumilikishwa ardhi hivihivi, anapewa kwa ajili ya uwekezaji kupitia taasisi ya serikali ya uwekezaji, na ili apewe ile ya kijiji inabidi kwanza ihawilishwe, yaani itolewe kwenye ardhi ya kijiji iingizwe kwenye ardhi ya jumla. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inasema eneo likiwa halizidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndo unakubali au kukataa, likizidi hapo kijiji kinatoa maoni na waziri ndo anaamua. Na inasema pia ardhi isihamishwe mpaka fidia ikubaliwe, ni nini, kiasi gani, italipwa lini na vipi. Ikishahama imehama. Mwekezaji akifilisika, akikimbia, akifa, hairudi kijijini yenyewe, inabaki ardhi ya jumla, wenye kuamua wako kwingine.

Sisi tulitoka kwenye mkutano tunajua tumekodisha. Kuna mama mmoja aliuliza ni miaka mingapi akajibiwa ni mingi, watu wakacheka. Na walipotaja hekta vichwani kwetu tukaweka ekari, kumbe hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwahiyo lile eneo tulilolipigia picha akilini halikufika hata nusu ya lile lililoandikwa, na hata hapo ulikuwa ni ukubwa ambao mtu wa jembe la mkono hawezi kuuona kichwani. Mahudhurio yakasainiwa, soda zikanywewa. Fidia ilikuja baadaye, sehemu kubwa ikabaki huko juu na kijijini ikafika iliyofika, tukamalizia nyumba ya mwalimu na ofisi ya kijiji, hiyo ipo mpaka leo na bati lake.

Sasa kwenye kazi sitaki kuwa mnafiki. Mi nilikuwa nimemaliza fomu foo na matokeo yangu hayakuwa ya kwenda popote, nikaajiriwa kitalu, kazi ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba, kumwagilia na kuhamisha miche, baadaye kupanda. Malipo kwa siku yalikuwa buku mbili na kitu. Mtu wa Dar atacheka ila kwa binti wa kijijini kwetu kushika hela yako mwenyewe mwisho wa mwezi bila kuomba baba wala kusubiri ufuta uuzwe, jamani, ile raha sijaisahau. Nilimnunulia mama bati za jiko. Wanaume waliokuwa kwenye misumeno na matrekta walipata zaidi, pikipiki za Kichina zikaanza kuonekana, magenge yakaota, kina mama wakawa wanauza chapati na samaki wa kukaanga getini asubuhi, vijana waliokuwa wamekimbilia Dar wakarudi. Mwaka ule hata harusi zilikuwa nyingi.

Tatizo ni kwamba kampuni ilitaka watu wakati uleule shamba linataka watu. Mvua ikianza, miche inatakiwa iende ardhini, na mvua hiyohiyo ndo ya mtama wako, mahindi yako, baadaye kidogo ufuta wako. Hauwezi kuwa sehemu mbili. Mwenye mshahara akaacha shamba, akasema nitanunua unga, na kwa msimu mmoja ilionekana hesabu iko sawa.

Hapa ndo nguruwe wanaingia. Kwetu kulima sio kulima tu, nusu ya kilimo ni kulinda. Mashamba yanakuwa yamepakana, kila mtu na dungu lake, usiku mnapigiana kelele, huyu anagonga debe, yule anawasha moto, mchana watoto wanawinga ndege na kufukuza nyani na tumbili. Nguruwe akija anakutana na kelele kila upande anahama. Sasa chukua mashamba kumi yaliyopakana, saba wenyewe wako kampuni, yameota majani mpaka kifuani, yamebaki matatu, ya nani, ya wazee na wajane ambao kampuni haikuwachukua. Nguruwe wote wa eneo wanakuja kwenye hayo matatu, na wana pa kujificha hatua chache tu kutoka muhogo ulipo. Na kule pori lilipofyekwa kwa mabuldoza wanyama wamefukuzwa wamesogea huku. Bibi yangu alilala dunguni na umri ule mvua inanyesha, akakuta asubuhi muhogo umefukuliwa mstari mzima, akarudia, akafukuliwa tena, mwisho akasema basi. Yeye hakuomba kazi, hakusaini kitu, hakula mshahara wa mtu, na njaa ikamkuta kabla yetu sisi.

Huwa naona wataalamu wakihesabu hasara ya miradi kama hii wanahesabu waliotoa ardhi na walioajiriwa. Shamba la yule aliyebaki halimo kwenye hesabu kwasababu hakuna aliyelichukua.

Basi tukaanza kununua unga kweli. Kijiji kilichokuwa kinatoa gunia za mtama kwenda Kivinje na Masoko kikawa kinapokea sembe kutoka Dar kwa lori, na kwasababu kila mtu ana mshahara mwenye duka akapandisha bei, samaki naye akapanda, ambaye hana mshahara akabaki anaangalia.

Na lile pori tupu. Nani alisema lilikuwa tupu? Mi naweza kukutajia lilichokuwa nacho na sitamaliza. Ming'oko kwanza, vile viazi pori vyembamba, watu wa Lindi na Mtwara wanavijua, unachimba unachemsha na chumvi, mwaka wa njaa ndo vinawavusha watu na mwaka mzuri unauza stendi. Ukindu wa mikeka, asali, uyoga, fito za kujengea, dawa za tumbo la mtoto, kuni, nyama kwa wale wenye mitego. Halafu mbao, maana misitu ya Kilwa ina mpingo, mninga, mkongo, mpangapanga. Wakati wa kusafisha eneo miti mikubwa ilikatwa tukaona malori yanatoka nayo, sisi tukabaki na matawi ya mkaa, na kwenye taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji sikuwahi kusikia mtu anasoma mstari wa magogo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakati huohuo, wilaya hiihii, vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vinafanya kitu kingine kabisa. Walipima msitu wao wakautenga kuwa msitu wa kijiji, wakasaidiwa na shirika la MCDI linaloshughulika na mpingo, na 2009 wakapata cheti cha kimataifa cha FSC, kile cha msitu unaotunzwa vizuri, wa kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Hawa wanakata magogo machache kwa mpango, mnunuzi anakuja kijijini kwao, hela inaingia akaunti ya kijiji. Nanjirinji nao baadaye wakaingia, nenda kaone walichojenga. Mwaka huo wa 2009 sisi tulikuwa tunadai mishahara.

Maana ndo mwaka kila kitu kilipokatika. Mwishoni mwa 2008 yale mambo ya mabenki ya Marekani na Ulaya yakalipuka, pipa la mafuta lililokuwa 147 mwezi wa saba likashuka chini ya dola 40 mwezi wa kumi na mbili, na wenye hela za miradi ya namna hii wakafunga pochi. Kwetu ilianza mshahara kuchelewa wiki, halafu mwezi, halafu tukaanza kuambiwa mwekezaji mpya yuko njiani, vumilieni, watu wakavumilia na kufanya kazi bure kwasababu ukiacha utapoteza yale ya nyuma. Halafu tukaambiwa tukapumzike nyumbani tutaitwa. Serikali nayo mwaka huohuo ilisimamisha kwanza miradi mipya ya mafuta ya mimea nchini mpaka iweke utaratibu, ila sisi wetu ulikuwa umeshajifia.

Miezi yangu ya mwisho sijalipwa mpaka leo. Walioumia zaidi ni wenye maduka maana kila nyumba ilikuwa kwenye daftari la madeni, na walinzi, hawa waliachwa wanalinda matrekta na makontena bila mshahara, wanaogopa wakiondoka vitu vikiibiwa wataulizwa wao na haki zao zimepotea, mtu anakaa getini anakula kwa mkewe mwaka mzima. Pikipiki ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Vijana wakarudi Dar, wengine safari hii wakaacha na watoto.

Sasa si turudi shambani, ndo alichosema babu. Tukaenda, watu wakaanza kufyeka pembeni huko ambako hata mbono haukuwahi kupandwa, maana kilichopandwa kilikuwa kipande kidogo tu cha lile eneo kubwa. Tukaitwa ofisi fulani tukaambiwa hilo eneo sio la kijiji tena, mkilima mnavamia. Babu aliuliza swali moja tu, kama ni la kampuni na kampuni haipo ni la nani? Akaonyeshwa karatasi. Alirudi nyumbani hakuongea sana jioni ile. Alikufa kabla sijajua kumweleza hii habari ya ardhi ya jumla, na hata mi nimeielewa baadaye sana kwenye mafunzo ya kamati.

Wengine walilima hivohivo kwa wizi, na bado wanalima, ila mtu anayelima kwa wizi hapandi mkorosho. Anapanda cha miezi mitatu minne anavuna anakimbia. Fikiria maana yake hiyo kwa watu wa Lindi ambako mkorosho ndo urithi, ndo unaacha kwa mtoto. Na ufuta nao unapenda ardhi mpya iliyopumzika, saivi tangu uingie mnadani kwa stakabadhi ghalani misimu mizuri kilo inavuka elfu tatu, hamna kibarua cha mbono kinachofikia hapo, na ardhi yetu ya ufuta ndo hiyo iliyofungiwa.

Halafu ardhi ikikaa bila mwenyewe haikai bila mtu. Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu kule Mbeya mwaka 2006 na 2007 wengi walielekezwa mkoa wa Lindi na Pwani, wakaja na ng'ombe zao wakakuta eneo kubwa halina mtu wa kuwauliza, wakakaa. Ng'ombe akitoka pale anaingia ufuta wa mtu, panga zinatoka, kesi, faini, chuki. Mi siwalaumu sana, nao walitolewa kwao kwa karatasi kama sisi. Ila kwenye vikao watu wanalaumu mfugaji kwasababu mfugaji anaonekana.

Nilinganishe na upande wa Mtwara kidogo. Mjomba wangu yuko wilaya ya Masasi, kwao wakati uleule halikuja shamba kubwa la kampuni, alikuja mtu anagawa mbegu za mbono anasema pandeni mipakani tutanunua. Wakapanda. Mnunuzi alikuja mara moja, bei ilikuwa ndogo na kukusanya kilo za kutosha ilikuwa kazi ya kuchosha kweli, ukikaa kubangua mbegu za mbono unajiuliza kwanini usibangue korosho, halafu mnunuzi hakuonekana tena. Nilipoenda kumsalimia nikamuuliza, "Shikamoo mjomba, mbono wako ulikulipa?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Umenilipa fensi." Akacheka, mbuzi wa jirani hawaingii kwake mpaka leo. Alipoteza jasho la msimu mmoja, mikorosho yake iko palepale. Zao lilelile, ahadi zilezile, anguko lilelile la bei. Tofauti ya mjomba na babu ni jina la nani lipo kwenye ardhi, mengine yote yanafuata hapo, na ndo maana nikisikia mjadala wa mbono ni mzuri au mbaya, jatrofa mbaya alizeti nzuri, sijui mkonge, naona watu wanapoteza muda.

Saivi mi ni mjumbe wa kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji, na mwaka jana wamekuja wengine. Safari hii sio mbono, ni miti ya hewa ukaa, yaani mti unanyonya hewa chafu na wachafuzi wa mbali wanalipia. Vijana wastaarabu, wameleta tableti badala ya shuka jeupe. Sikuwakataa, na wenzangu hawakuwakataa, kijiji kinahitaji hela. Tulichofanya ni kuwaambia watuandikie kwa Kiswahili, watupe na ekari sio hekta peke yake, na kabla ya mkutano mkuu twende nao kwa miguu tuzunguke mipaka yote, mto huu, mbuyu ule, shamba la fulani, na wawepo wanawake wanaojua ming'oko inachimbwa wapi. Ardhi ibaki ya kijiji, kama ni kukodi wakodi kwetu kwa miaka inayotajwa. Mishahara ya miezi kadhaa iwekwe benki kabla kazi haijaanza. Na wakati wa mvua za kupandia kazi iwe nusu siku.

Lile la mipaka walilikubali palepale, tukatembea siku mbili, mmoja wao viatu vilimshinda akamalizia na ndala za mtendaji. La ardhi kubaki ya kijiji walisema lazima wakaulize wanasheria wao. Jibu limekuja kwa barua, kurasa sita, tano za Kiingereza. Tumeirudisha wakaitafsiri yote, na mkutano mkuu wa robo mwaka hii tumeusogeza mpaka hiyo tafsiri ifike.